Wapangaji wa Chuga (Arusha), hiyo 1,500 ya LUKU ni deni la mwenye nyumba!

Wakuu, mods msiuunganishe uzi huu na ule wa madalali. Hili ni lingine: kodi ya jengo ya mwenye nyumba inayokatwa kwenye LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla.

Marekani mpangaji mwenye kipato kidogo akibahatika kuingia kwenye mpango wa Section 8 analipa kama 30% ya kipato chake, inayobaki serikali inampelekea mwenye nyumba. Huku Tanzania sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilishafutwa 2005. Bei anapanga mwenye nyumba, na miezi sita unaiweka mezani ndipo upewe ufunguo. Haya, msaada hatuna. Sasa mbona sisi ndio tunamsaidia yeye?

Kodi ya jengo anadaiwa mmiliki. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme ni nani? Ilianza 1,000 kwa mwezi, Julai 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Tukaambiwa tukaelewane na wenye nyumba. Uelewane vipi na mtu ambaye jibu lake ni "hama"?

Eti ni hela ndogo. Piga hesabu. Umeme wa 5,000 kwa bei ya 292 kwa uniti, ukiweka VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1%, ni uniti 14. Ukinunua mara ya kwanza mwezi ukianza, inatoka 1,500 kwanza, unabaki na uniti hazifiki 10.

Zile nyumba za Ngarenaro na Unga Limited, vyumba sita mita moja ya umeme, ndiyo vituko: anayewahi kununua ndiye anayekatwa, kwa hiyo tarehe 1 watu wanakaa giza wakisubiriana. Changeni 250 kila chumba, mmoja anunue, yaishe. Penye mita nne kwenye jengo moja na zote zinakatwa, hapo ni 6,000 kwa nyumba ambayo ilitakiwa ilipiwe mara moja, na mwenye nyumba ndiye wa kupeleka namba za mita zirekebishwe. Hapeleki. Haimuumi.

Unayehamia: usilipe pango kabla hujanunua umeme wa majaribio yeye akiwepo. Chumba kilichokaa miezi minne bila mtu kinakusubiri na deni la 6,000. Meseji za LUKU usifute, zina mchanganuo wa makato. Ukifika muda wa kulipa miezi sita mingine, mwonyeshe na upunguze 9,000 yako kwenye pango. Bora zaidi iandikwe kwenye mkataba: kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, ikikatwa kwenye umeme inapunguzwa kwenye pango.

Akigoma, kuna Baraza la Kata la kusuluhisha, halafu Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa 18,000 ya mwaka mzima hakuna mpangaji atakayepoteza siku za kazi kwenda huko, na wao wanalijua hilo.