Laptop ya RAM GB 2: Xfce au LXQt?

Nyegezi_Steshenari: Wadau, laptop ya dukani ina RAM GB 2 na HDD. Imewekwa Debian 13 (aina ya Linux) yenye desktop ya Xfce 4.20. Wanachuo wakileta PDF za kuprinti, Firefox na LibreOffice zikiwa wazi inaganda. Nihamie desktop nyingine nyepesi, LXQt?

Igoma_Linux: Usihame bado, mkuu. Mlaji mkubwa wa RAM ni Firefox. Tena Firefox inatumia GTK 3 (maktaba ya kuchora madirisha na vitufe) kama Xfce; LXQt tangu toleo 2.0 la 2024 iko Qt 6, maktaba nyingine ya kazi hiyohiyo, kwa hiyo RAM itabeba maktaba za pande zote mbili. Weka zram, yaani swap iliyobanwa ndani ya RAM yenyewe:

`sudo apt install zram-tools`

Kwenye `/etc/default/zramswap` andika `ALGO=zstd` na `PERCENT=50`, kisha:

`sudo systemctl restart zramswap`

Hakiki kwa `swapon --show`. Data itabanwa humohumo kwenye RAM kabla ya kugusa HDD, na kuganda kwako kunatoka hapo kwenye HDD: RAM ikijaa, data inahamishiwa huko na HDD ni ya polepole.

Kirumba: Naunga mkono. PDF fungulia Atril (programu nyepesi ya kusomea PDF), siyo Firefox. Zima na vivuli vya madirisha:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`

Video ikianza kuchanika katikati, rudisha `true`.

Nyegezi_Steshenari: Shukrani wakuu, naanza na zram.