Roboti ya sumo inateleza uwanjani

Muulizaji: Hamjambo wenzangu wa Mombasa. Roboti yetu ya sumo ndogo (mchezo wa roboti kusukumana hadi moja itoke ulingoni) ina gramu 470 na magurudumu mawili. Ikisukumana na nyingine, magurudumu yanazunguka papo hapo na tairi zimeanza kung'aa. Tutafute mota yenye nguvu zaidi?

Jibu la 1: La, mota iacheni. Gurudumu likizunguka papo hapo, nguvu ipo tele. Kinachokosekana ni mshiko. Mng'ao huo ni vumbi na mafuta ya vidole. Futeni kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi kabla ya kila pambano, kisha msiguse mpira. Petroli na thina haramu, zinavimbisha mpira.

Jibu la 2: Pimeni pia uzito umelalia wapi. Magurudumu juu ya mizani ya jikoni, bleda ya mbele (bamba la kusukumia mpinzani) juu ya kitabu chenye kimo sawa na mizani. Mkisoma 300, basi gramu 170 zinaburutwa bure. Sogezeni betri juu ya ekseli, na zile gramu 30 za kufikia kikomo cha uzito cha gramu 500 jazeni kwa chubwi za wavuvi. Lakini msivue uzito wote mbele: bleda ikiinuka kidogo tu, mpinzani anaingia chini yake na mshiko wote umekwisha.

Muulizaji: Shukran. Tairi za silikoni je?

Jibu la 1: Nzuri, ugumu wa 20 hadi 30 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira. Mkizitengeneza wenyewe, korogeni silikoni polepole, mapovu hudhoofisha tairi. Jaribuni mshiko kwa kuiweka roboti juu ya karatasi ya A4 na kuinyanyua: karatasi ikinata kwenye tairi kwa zaidi ya sekunde 2, kanuni nyingi zinaikataa roboti.