Tableti imepinda kidogo, niinyooshe kwanza au niuze hivyohivyo?

Mama Wawili, Leicester:
Habari za jumapili wadau, poleni na baridi. Nina iPad Pro ya inchi 11 ile ya 2018, inapiga kazi vizuri na chaji inakaa, ila imepinda katikati, kosa langu mwenyewe, niliitia kwenye begi la mgongoni pamoja na hotpoti la pilau nikaegemea kiti safari nzima ya treni. Ukiishika huoni kitu, ila ukiilaza kifudifudi kwenye kaunta ukagusa kona inacheza kama kigoda kibovu. Nataka kuiuza. Fundi wa mtaani anataka pauni 80 ainyooshe, mume wangu anasema ivalishe kava piga picha uza. Mnanishaurije?

Mzee wa Spana, Minneapolis:
Dada hiyo 80 kanunulie watoto viatu. Hiyo mashine ina unene wa milimita 5.9 tu, bodi ni alumini, betri zimegandishwa ndani kwa gundi. Ukiikunja upande wa pili kwa goti alumini itarudi, kioo hakirudi ng'o, kinapasuka, na betri ya lithiamu ikiumia inaweza kuwaka hapohapo mapajani. Kuinyoosha kistaarabu lazima skrini itoke kwanza, na kwenye kuitoa ndo nyingi zinakufa, mimi mwenyewe nimeua mbili.
Ila kwanza hakikisha sio betri iliyovimba. Skrini ikiwa imeinuka pembeni au ukibonyeza inabonyea kama andazi, usiichaji, usimuuzie mtu, ipeleke kwenye taka za umeme.
Kama ni kupinda tu, ilaze kifudifudi upitishe kadi ya benki chini yake. Hata mpya za toleo lile nyingine zilikuwa na mkunjo, Apple walisema mwanzoni mwa 2019 mwisho wao ni mikroni 400 (milimita 0.4), karatasi nne hazifiki. Kadi ni nene karibu mara mbili ya hapo, kwahiyo ikipita jua na mnunuzi ataona.

Binti Tanga, Coventry:
Shemeji naye na kava lake jamani 😂 Mimi nilifichaga ufa wa simu hivyohivyo, mnunuzi akarudi mlangoni na mjomba wake, nikarudisha hela nimevaa khanga. Hapa Uingereza ukiuza kama mtu binafsi hudaiwi waranti, ila kitu kifanane na ulivyokieleza. Piga picha ya ubavuni na rula imelala juu, mkunjo uonekane. Na usisahau kutoka kwenye akaunti na kuzima Find My, ile huduma ya Apple ya kutafuta kifaa kilichopotea, la sivyo inabaki imefungwa kwa akaunti yako, unamuuzia mtu sinia.
Au mpe dada yako mwalimu kule nyumbani, si walimu wa Tanzania walishazoea vishkwambi (tableti) vya sensa ya 2022 walivyogawiwa? Anayeibeba aiweke begi la mkononi tu, sio la kupakia chini ya ndege.

Mama Wawili:
Asanteni sana. Kadi ilipita bila hodi, skrini haijainuka popote. Dada kasema anacho tayari cha serikali, anataka hela. Nikaandika "imepinda, tazama picha ya tatu", bei 150. Jana kaja kijana wa duka la chipsi, kailaza kwenye boneti ya gari lake, kaichezesha weee, akacheka, kumbe anaifunga ukutani jikoni wasomee oda, katoa 130 kaondoka nayo. Sasa kava ndo limebaki, mume kanuna, kuna anayelitaka?