Nyimbo 1,900 za mzee kwenye memori kadi: Musicolet, VLC, Poweramp au nihamie za mtandaoni?

MtuWaRongai, Jumapili saa 3 usiku

Wadau, hamjambo. Naombeni msaada kabla sijaitupa hii simu Mto Mbagathi.

Mzee wangu amenikabidhi flashi mbili zilizojaa muziki wake: rhumba, benga, zilizopendwa, na kanda za kwaya ambazo kuna jamaa wa River Road alimgeuzia zikawa faili. Jumla ni nyimbo 1,900 na ushei, GB 13 hivi. Nimezihamishia kwenye memori kadi ya GB 64. Simu ni Android ya kawaida tu, RAM GB 3.

Sasa, pleya iliyokuja na simu imenitia aibu. Jumamosi ya wiki iliyopita, si ya jana, tulikuwa tunapokea mahari ya binamu yangu na mimi ndiye niliyeachiwa spika. Rhumba imekolea, wazee wameanza kusogeza viti ukutani. Wimbo ukaisha, na badala ya mwingine ikaingia sauti ya mweka hazina wa chama chetu, kavu kabisa: "Na wale hawajatoa elfu mbili za mwezi wa tatu, tunawajua." Pleya ilikuwa imeokota kila sauti iliyo ndani ya simu, mpaka zile za makundi ya gumzo, ikazichanganya na muziki. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mmoja wa wageni yuko kwenye hicho chama. Huyo hakucheka.

Tangu hapo nimejaribu VLC, Musicolet, na Poweramp niko siku ya sita katika zile 15 za majaribio. Dada yangu ananiambia niachane na mambo ya kizamani nihamie Spotify, ya kusikiliza mtandaoni. Mahitaji yangu: ifuate folda, kwa sababu mzee alipanga kila bendi kwenye folda yake, isiniletee matangazo, isinimalizie betri. Sauti nzuri ni nyongeza. Nyinyi mnatumia gani?

KijanaWaBesi

Poweramp, funga mjadala 😂

Niko serious. Ikwalaiza yake, ile ya kurekebisha besi na treble, hakuna wa kuikaribia. Besi ina kitufe chake, treble ina chake. Kisha unaweza kuiambia hedifoni zikichomekwa itumie mpangilio huu, na Bluetooth ikishika itumie ule. Asubuhi nasikiza kwa hedifoni, jioni kwa spika ya nyumbani, sigusi kitu. Unailipia mara moja, si kila mwezi. Ni hela kidogo kuliko chipo mwitu za wiki.

MwalimuBuruburu

VLC, ile yenye nembo ya koni ya barabarani. Haina matangazo na haiuzi chochote, kwa sababu si ya kampuni. Inatengenezwa na shirika la watu wa kujitolea, VideoLAN, lililoanza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996. Hiyo koni yenyewe ni ukumbusho wa koni ambazo wanafunzi hao walikuwa wakizikusanya wakitoka kwenye starehe zao.

Uzuri wake ni kwamba hukutani na faili ikaikataa. Kanda za kwaya zilizogeuzwa River Road huja za kila aina, mara WAV, mara WMA, mara kitu ambacho hata aliyekitengeneza hakijui. Pleya nyingine hukuandikia kwamba faili haifunguki. VLC inacheza tu. Na mwenye iPhone naye anaipata, anarusha nyimbo kutoka kompyuta kwa Wi-Fi bila waya.

Udhaifu wake ni mmoja, ndugu: iliumbwa kwa ajili ya video, muziki ukaja baadaye. Kupanga nyimbo 1,900 ndani yake ni kama kupanga nguo kwenye kabati la vyombo. Zinaingia, lakini.

FundiLuthuli

Natengeneza simu, kwa hiyo haya mambo yanafika mezani kwangu kila siku. Nitasema machache.

Mtu wa Rongai, kabla ya pleya nikuulize: hiyo kadi ya GB 64 uliinunua wapi? Kama ni ya barabarani kwa bei ya kutupa, ijaze yote kwanza kisha uzisome faili, za mwanzo mpaka za mwisho. Kuna kadi zimeandikwa 64 na ndani ni 8. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, halafu nyimbo za zamani zinaanza kuandikwa juu. Utailaumu pleya bure. Na flashi za mzee usizifute, kaa nazo.

Pili, hiyo aibu ya mahari ina dawa ya bure. Android ikikuta faili iliyoitwa .nomedia ndani ya folda, haiorodheshi sauti wala picha za humo. Iweke kwenye folda ya sauti za makundi, mweka hazina hatasikika tena. Kinyume chake pia ni kweli: mtu analia nyimbo zake hazionekani, nikifungua nakuta .nomedia imekaa humo humo kwenye folda ya muziki, imekuja na nakala ya simu nyingine.

Tatu, KijanaWaBesi, nimekuelewa, lakini wateja wangu wenye spika zilizopasuka wengi ni wa ikwalaiza. Mtu anapandisha vitelezi vyote mpaka juu. Ukipandisha vyote hujaongeza besi, umeongeza sauti tu, na ikishapita kikomo inakwaruza. Ukitaka besi, acha besi pale ilipo, shusha vya katikati kidogo, kisha ongeza volyumu.

KijanaWaBesi

Fundi umenisema hadharani 😅 Na FLAC je, zile faili zisizopunguza ubora wa sauti? Nataka kubadilisha MP3 zangu zote ziwe FLAC.

FundiLuthuli

Usijisumbue. MP3 ikishapunguzwa, kilichotupwa kimetupwa. Kugeuza MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde kuwa 320 au FLAC ni kuongeza maji kwenye maziwa: lita zimeongezeka, maziwa ni yale yale. Wimbo wa dakika nne kwa 128 ni kama MB 4, kwa 320 unakaribia MB 10, FLAC unaweza kufika MB 25 au 30. Unajaza kadi na hewa. FLAC ni nzuri ikitoka kwenye CD yenyewe. Hata hivyo ukiipeleka kwenye spika ya Bluetooth ya bei ya chini, Bluetooth inaibana tena njiani.

DadaWaDonholm

Mimi nitamtetea dada yake, maana naona mmekaa upande mmoja.

Za mtandaoni zina kazi yake. Boomplay iko tangu 2015, wengi tuliikuta tayari kwenye simu za Tecno, na kwa muziki wa Afrika ina hazina kubwa. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, na kwa kukupendekezea wimbo usioujua sijaona wa kuishinda. Ile ya bure ina matangazo, na kupakua nyimbo ni mpaka ulipie. Mdundo, ambayo ilianzia hapa hapa Nairobi, ni tofauti na hizo mbili: unapakua MP3 yenyewe, unaiweka kwenye kadi yako, unaicheza na pleya unayotaka.

Lakini pigeni hesabu ya bando, msiambiwe tu ni bei rahisi. Kwa kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja inakula MB 43. Kwa 320 inakula MB 144. Mtu wa Rongai akikaa barabarani saa mbili kwa siku, siku 22 za kazi, hiyo ni karibu GB 2 kwa ubora wa kawaida na zaidi ya GB 6 kwa ubora huo wa 320. Ndiyo maana mimi napakua nikiwa na Wi-Fi ya ofisini. Shida ni kwamba nyimbo hizo ni za kupanga, si zako. Spotify inataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa zinafungwa. Mwenye nyumba amebadilisha kufuli.

Na nyimbo za mzee nusu yake hutazikuta huko. Nimetafuta kwaya ya kanisa letu la nyumbani mpaka nimechoka.

MakangaMstaafu

Wadau mnamsaidia mtu wa Rongai kuchagua pleya? Akiwa ndani ya matatu la Rongai anaisikia saa ngapi? 😂😂😂 Huko unachezewa muziki, utake usitake.

MtuWaRongai

@MakangaMstaafu napanda yale ya wazee, yasiyo na michoro 😂

Fundi, kadi nimeijaza usiku wa leo na imepita mtihani. Nilikuwa natokwa na jasho. Na .nomedia nimeiweka.

Hakuna aliyesema habari za Musicolet. Mbona?

MamaWaPipeline

Niko hapa, nilikuwa napika. Natumia Musicolet na sibanduki, na sababu yangu haihusiani na sauti.

Kwanza haina ruhusa ya intaneti. Si kwamba imezimwa, haikuwekwa kabisa. Kwa hiyo hakuna tangazo linaloweza kupenya, wala haina njia ya kutuma habari zako popote. Kabla yake nilikuwa na pleya moja iliyotaka majina yote kwenye simu yangu. Nikajiuliza, wewe wa kucheza nyimbo, namba ya mama yangu unaitakia nini? (Ikiomba ruhusa ya kujua simu inapoita, hiyo ni sawa, ni ili inyamaze ukipigiwa.)

Pili ni kitufe cha hedifoni. Bonyeza mara moja inasimama, mara mbili inaenda wimbo unaofuata, mara tatu inarudi nyuma, mara nne inakimbiza wimbo mbele. Mimi hupita barabara ya Tom Mboya mjini saa moja jioni. Simu iko ndani ya mkoba, mkoba uko mbele kifuani, mkono uko kwenye waya. Wimbo usioutaka unaupita bila kutoa simu. Kwangu hilo ni kubwa kuliko ikwalaiza.

Tatu ni foleni. Pleya nyingine zina foleni moja; ukianza kitu kingine, ulichokuwa unasikiliza kimepotea. Hii inakubali zaidi ya 20, na kila foleni inakumbuka ulipoachia. Nina ya nyimbo, nina ya mahubiri ya saa nzima, nina ya hadithi za mtoto. Nikirudi kwenye mahubiri nakuta mchungaji amengoja kwenye neno lile lile.

Kufuata folda inafuata. Folda usizozitaka unaziondoa. Kulala nayo ina kipima muda, inajizima yenyewe. Muonekano si wa kupendeza sana, lakini siendi kuiposa. Kitu kimoja tu: kama simu yako huua programu skrini ikizimwa, nenda kwenye mipangilio ya betri uiruhusu itumie betri bila kikwazo, la sivyo itakuwa inakatika nyimbo mbili tatu halafu kimya.

KijanaWaBesi

Hiyo ya kitufe imeniuma. Mimi nimepoteza simu mbili mjini nikibadilisha wimbo.

MzeeSanturi

Vijana, nimesoma yote. Nina swali kwa mwenye mada. Hiyo rhumba ya baba yako, nyimbo ngapi zimeandikwa Sehemu ya 1 na Sehemu ya 2?

MtuWaRongai

Shikamoo mzee. Nyingi mno! Na hilo ndilo linalonikera zaidi, nilisahau kulitaja. Nikichanganya nyimbo, sehemu ya pili inakuja kabla ya ya kwanza, au inakuja kesho yake. Sauti ya gitaa ndiyo imeanza kupanda, wimbo unafifia, halafu inaingia kwaya.

MzeeSanturi

Marahaba. Hilo halitokani na pleya. Santuri ndogo za mizunguko 45 zilibeba dakika chache kila upande, na wimbo wa rhumba ni mrefu. Kwa hiyo upande wa kwanza uliimbwa maneno, gitaa likianza kuchangamka wanaufifisha, unageuza, upande wa pili ndio wa kucheza. Aliyekugeuzia alinakili kila upande kama faili yake. Hakuna programu itakayojua kwamba hizo mbili ni wimbo mmoja.

FundiLuthuli

Mzee amemaliza. Na ile huduma ya kucheza bila pengo haitasaidia hapo, maana kufifia kumo ndani ya rekodi yenyewe. Njia ni mbili. Ya kwanza, ziite majina yanayofuatana, 07a na 07b, ndani ya folda ya bendi, kisha cheza folda kwa mpangilio wa majina ya faili bila kuchanganya. Ya pili, ziunganishe kwenye kompyuta ya Windows kwa mp3DirectCut, haizibani upya kwa hiyo hupotezi ubora. Sasa hata ukichanganya, wimbo unakuja mzima.

MtuWaRongai, Jumamosi saa 5 asubuhi

Nimerudi. Wiki nzima niko na Musicolet. VLC nimeiacha kwenye simu kwa zile kanda za kwaya zinazokataa kufunguka kwingine. Ziko kumi na moja. Poweramp ilinivutia kwa sauti, KijanaWaBesi hukudanganya, ila kwa hedifoni za mia tatu nilizonazo tofauti sikuisikia ya kutosha kunifanya nitoe hela. Nikinunua hedifoni za maana nitairudia. Dada yangu ameniwekea Spotify ya bure kwa nguvu, naitumia nikiwa na Wi-Fi kutafuta vitu vipya.

Nilikaa na mzee Alhamisi tukaanza kuunganisha nyimbo kwa mp3DirectCut. Tulifika ya nne akanizuia. Anataka zibaki mbili mbili, kwa sababu wimbo ukififia ndipo alipokuwa anainuka kugeuza santuri, na mama naye anaongeza chai. Basi nimezipa majina ya a na b, tunacheza folda moja kwa moja. Zimebaki kama 600 za kubadilishwa majina. Kuna njia ya kuzibadilisha zote kwa mpigo, au nijiandae kwa Pasaka?

Na mweka hazina, najua unasoma humu: elfu mbili nimetuma asubuhi.