Eti mtoto mchanga "hahesabiwi" melini? Huyu mtu azuiwe kushauri wazazi

Wakuu, nina hasira mpaka vitufe vya simu vinaomba msamaha. Yule bingwa wetu wa safari za meli za kitalii, simtaji, mnamjua, yule anayejibu swali kabla halijafika kwenye alama ya kuuliza, asubuhi hii kamwambia mama wa mtoto wa miezi 10: "Kata chumba cha wawili tu, mchanga hahesabiwi, atalala katikati yenu."

Hahesabiwi! Kwani ni mkoba?

Chumba cha wawili melini ni cha roho mbili, basi. Kila chumba kimefungwa na kituo chake cha kukusanyikia wakati wa dharura, na boti za kituo hicho zina idadi yake ya watu. Ndiyo maana unaona chumba kina vitanda vinne, viwili chini na viwili vya kushushwa kutoka darini, lakini mtandao unakataa kukuuzia wanne. Vitanda vipo, nafasi za boti upande ule ndizo zimeisha. Na mchanga aliyelala kifuani kwa mama yake anakula nafasi kama baba mwenye kitambi. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, unataka safari ya saa 24 au zaidi iwe na jaketi okozi la kila mchanga aliyemo, la uzito chini ya kilo 15. Sasa watajuaje wapakie mangapi kama watoto "hawahesabiwi"?

Halafu hakuuliza hata meli inapita wapi! Kampuni nyingi zinapokea mtoto kuanzia miezi 6, ila safari ikiwa na siku tatu mfululizo baharini, au inavuka bahari kuu, wanataka miezi 12. Huyo wa miezi 10 anaweza kuishia gatini akipungia meli mkono.

Mwenye mtoto: mwandike kama abiria wa tatu siku ileile ya kukata tiketi, chagua chumba cha watatu, na kitanda cha mtoto kiombe hapohapo maana huwa vichache. Kikikunjuliwa kinaziba njia ya bafuni, jiandaeni kupita kiubavu.

Hahesabiwi. Nimeisoma mara saba. Mungu anipe subira.

Kasia_Bovu: Mleta uzi, "hahesabiwi" umeiandika mara tatu kwa mkono wako, na "hawahesabiwi" moja. Kumbe anahesabika vizuri tu.

Mama_Nanga: Mcheke lakini ana hoja. Orodha ya abiria hufungwa kabla ya siku ya safari. Ukifika gatini na jina la ziada wakati chumba kinaruhusu wawili, hakuna wa kumbembeleza, hata mtoto akitabasamu vipi. Mnarudi nyumbani watatu, nauli inabaki kwao.

Babu_Sitaha: Huyo bwana ndiye aliyewahi kusema mtoto wa miaka minne alale kitanda cha juu "azoee". Vitanda vile kampuni nyingi hazitaki aliye chini ya miaka 6. Ngazi imesimama wima na kizuizi cha pembeni ni kifupi. Meli ikilala upande usiku, mtoto anashuka bila ngazi.

Mleta uzi: Asante babu! Mnaona? Na bado anasema HAHESABIWI.

Kasia_Bovu: Nne. Naendelea kuhesabu.

Povu_la_Bahari: Hilo dogo. Hasira zangu ziko kwa wanaosema pampasi za kuogelea zinaruhusiwa bwawani. Haziruhusiwi! Mtoto ambaye hajaacha nepi haingii bwawa wala beseni la maji moto, avae pampasi ya dhahabu. Zile zinazuia kigumu, cha majimaji kinapita. Kuna kijidudu kinaitwa Cryptosporidium, kwenye maji yenye klorini sahihi kinaishi zaidi ya siku 7. Mmoja akichafua, bwawa linafungwa na meli nzima inakodolea maji macho. Tafuta meli yenye sehemu ya michirizi ya maji ya wachanga, yenye mfumo wake wa kuchuja. Si kila meli inayo.

Shosti_wa_Gati: Bwawa mnalionea bure. Tuongelee wauzaji wasiojua tofauti ya vyumba vya jirani na vyumba vyenye mlango wa ndani! Jirani maana yake ukuta. Unalipia viwili, watoto wako upande wa pili, mnawasiliana kwa kugonga. Taja namba za vyumba na uzihakiki kwenye ramani ya sitaha. Na usichukue ile nauli rahisi ya kupangiwa chumba na kampuni, mtatawanywa sitaha tofauti.

Babu_Sitaha: Kwenye karatasi wanataka mtu mzima kila chumba, safari nyingi za kutoka Marekani ni miaka 21. Mama mwandike huku, baba kule. Mkishapanda, nendeni mapokezi mkaombe kadi za ziada za milango, mlale mnavyotaka.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mchanga na chumba cha wawili.

Povu_la_Bahari: Na wanaoacha vigari vya watoto kwenye korido je? Korido ile ndiyo njia ya kutokea moshi ukijaa. Nunua kinachokunjika kikaingia chini ya kitanda. Kile chenye matairi kama trekta kibaki nyumbani.

Mama_Nanga: Trekta 😂😂

Mgeni_Melini: Samahani wakuu, birika dogo la umeme la maziwa ya mtoto linapanda?

Babu_Sitaha: Halipandi. Chochote chenye koili ya kupasha joto kinachukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo, unakabidhiwa siku ya kushuka. Muombe mhudumu wa chumba maji ya moto.

Mgeni_Melini: Na ekstensheni?

Shosti_wa_Gati: Yenye kizuia umeme mkubwa hapana, nayo wanachukua. Ila wewe mbona unaonekana unahamia kabisa?