Mameneja wa hoteli Shela, acheni kutuamrisha kwa mafumbo ya Kiingereza halafu mtukate mshahara

Wenzangu wa mahotelini, Shela hadi Malindi, yamenifika shingoni.

Mwenzetu wa vyumba kakatwa mshahara mwezi huu. Meneja alimpitia ngazini, akamwambia "You might want to have a look at that tap", yaani huenda ukapenda kulitazama bomba lile, akaenda zake. Kijana akaona ni ushauri, akamaliza kwanza kutandika vitanda na kufunga vyandarua. Bomba likavuja usiku kucha, tangi la juu likakauka, asubuhi wageni hawana hata tone. Na maji ya Lamu mnayajua. Barua ikaja: eti amekaidi amri. Amri gani? Iko wapi amri katika maneno yale?

Waingereza wenyewe sina ugomvi nao. Kwao kumwamrisha mtu waziwazi ni ufidhuli, basi "I was wondering if" (nilikuwa nikijiuliza kama) huwa ni agizo, "it's a bit warm in here" (humu mna joto kidogo) maana yake washa feni, na akianza na "with respect" (kwa heshima zote) jua hakubaliani nawe hata chembe. Wamekua nayo, wanaelewana. Sisi shuleni tulikaririshwa tofauti ya "imply" (kudokeza) na "infer" (kung'amua kilichodokezwa), tukapewa alama zetu, basi.

Anayeniudhi ni huyu meneja. Mwana wa papa hapa, nyumbani kwake ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, kitupu! Angesema "nenda kalitengeneze bomba lile sasa hivi", yangekwisha. Lakini kwake Kiswahili ni cha mabaharia kule gatini, ofisini hakifai.

Na msije kunitolea "fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua". Watu wa Lamu hatufundishwi mafumbo. Mwanamke akijifunga leso yenye jina, ule msemo wake, jirani aliyekusudiwa anajua kabla hajafikiwa mlangoni. Lakini hao wanafumbiana kwa lugha yao wote wawili, wala hakuna anayepoteza chakula cha watoto kwa kutofumbua.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inasema kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, mwajiri amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na huyo mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Kukata mshahara nako kumewekewa mipaka, someni kifungu cha 19. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwenzetu alipoomba aelezwe barua yake kwa Kiswahili akajibiwa "Let's not go there", yaani tusifike huko. Hata hapo kafumbiwa!

Barua yenyewe inasema ni onyo la mwisho. Wiki ijayo anaitwa ofisini na mimi nitaingia naye. Aliyewahi kufika kwa afisa wa leba kwa jambo kama hili, Lamu ama Malindi, aniambie alibeba karatasi gani, na pesa zake zilirudi au la.