Naomba ushauri: Wagiriki wa kale na kafara zao

Habari zenu wakuu. Nafundisha historia sekondari, naandaa kipindi kuhusu dini ya Wagiriki wa kale. Kilichonivutia zaidi ni kafara. Mnyama anapambwa, anaongozwa hadi madhabahu iliyo nje ya hekalu, anarushiwa punje za shayiri, ananyunyiziwa maji kichwani, ndipo anachinjwa. Mifupa ya mapaja inafunikwa kwa mafuta yake na kuteketezwa kwa ajili ya miungu. Nyama wanakula watu. Hesiod, mshairi wao wa kale, anasema mgao huo ulitokana na hila ya Prometheus, mhusika wa visasili vyao, dhidi ya Zeus, mkuu wa miungu.

Hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu wala kanuni ya imani, hivyo wapo wanaosema kwao tendo lilitosha. Mimi bado siridhiki. Mwaka 399 KK Athens ilimhukumu mwanafalsafa Socrates kifo, na mojawapo ya mashtaka ni kutoitambua miungu ya mji. Je, alipimwa kwa imani au kwa ibada?

Mnaoyafahamu haya, mngeanzia wapi na vijana wa kidato cha tano, madhabahuni au mahakamani? Nisaidieni pia namna ya kuwaeleza bila wao kuiona dini ile kama ushirikina tu. Natanguliza shukrani.